Ripoti ya Pili

Ripoti ilikuwa imeshakwenda polisi siku kumi na mbili zilizopita, ikiwa na muhuri na sahihi, na hakuna aliyekuwa na swali juu yake isipokuwa mtu aliyeiandika. Veneranda Lugembe, mkemia mwandamizi wa sumu katika maabara ya uchunguzi wa vifo pale Tabora, aliacha chai yake ipoe kwa mara ya pili asubuhi ile. Alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi mezani na kulifunua tena daftari lake la kazi ukurasa ule ule. Kilichomsumbua alikuwa amekiandika kwa mkono wake mwenyewe: litmasi nyekundu.

Marehemu aliitwa Thabit. Alikuwa mtu wa mjini aliyepelekwa na chama kuendesha duka la ujamaa katika kijiji kipya kando ya njia kuu ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara. Alikufa mwanzoni mwa Oktoba, mwaka huo wa 1975, saa mbili baada ya kufuturu. Polisi walileta maabara chupa yenye vilivyotolewa tumboni mwake, na pamoja nayo kikopo cha bati kilichokutwa sandukuni mwa mkewe, Zeyana. Baba yake Zeyana, mzee Muhanna, alikuwa sonara, na kikopo kilikuwa na chumvi ya sianidi, ambayo masonara huitumia wanapopaka dhahabu juu ya fedha. Veneranda alipima tumbo, akapata sianidi. Akapima kikopo, akapata sianidi. Aliyaandika yote mawili katika karatasi moja, mstari mmoja chini ya mwingine. Polisi hawakuhitaji zaidi. Zeyana alikuwa rumande, na Alhamisi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la mauaji. Shtaka hilo lilikuwa na mwisho mmoja tu, kitanzi.

Tatizo ni kwamba chumvi ile ina ukali wa magadi. Mtu akimeza kiasi cha kumuua, tumbo lake huungua ndani na maji yake huigeuza litmasi, karatasi ya kupimia ukali, kuwa bluu. Litmasi ya Thabit ilibaki nyekundu, kama ya tumbo lolote lenye chakula. Veneranda aliiona, akaiandika, akaipita.

Alilichukua daftari, akaenda nalo kwa Dionis, mkuu wa maabara. Dionis alisoma, akavua miwani.

"Sianidi ilikuwemo au haikuwemo?"

"Ilikuwemo."

"Basi ulichoandika ni kweli."

"Ni kweli, lakini hakitoshi. Sikusema imetoka wapi, na wao wamejisemea."

"Ndugu Veneranda, hiyo ni kazi ya mahakama. Leo Jumatatu. Ukipeleka ripoti ya pili, kila wakili wa Tabora atauliza ripoti zetu nyingine zitapata ya pili lini. Utajimaliza mwenyewe, na mimi pamoja nawe."

"Naomba gari la polisi kesho."

"Unakwenda kutafuta nini?"

"Walichokula."

Dionis alivaa miwani yake tena, ishara kwamba hataki kusikia zaidi. Lakini simu kwa polisi aliipiga.

Siku ya pili yake walitoka na Land Rover, dereva akiwa konstebo Silasi, mtu wa maneno mengi, ambaye pia alikuwa na ufunguo wa nyumba ya marehemu. Njia ilinyooka kwenye vumbi na miti ya miombo iliyokauka. Veneranda alikuwa akiitazama saa kila baada ya dakika chache.

"Mama mkemia, saa haiongezi petroli," alisema Silasi. "Tutafika tu. Wapagazi walipita hapa na pembe za ndovu kichwani, na walifika."

"Wengine hawakufika."

"Hao hawakuwa na mimi."

Kijiji kilikuwa mistari miwili ya nyumba mpya za udongo, zimetazamana kando ya njia. Watu walikuwa wamehamishiwa pale mwaka uliotangulia, ili wawe karibu na barabara, shule na zahanati. Veneranda alishuka, akatazama huku na huku, akamuuliza Silasi maji yako wapi.

"Mbugani walikotoka. Saa mbili kwa miguu. Kisima kimeahidiwa."

Hapo ndipo alipoanza kutembea haraka. Yeye alizaliwa Lusu, kule Nzega. Alijua mama yake alivyokuwa akiuloweka muhogo mchungu ili sumu yake, sianidi ile ile, itoke, na alijua kazi ile haifanyiki bila dimbwi. Jambo hilo alikuwa nalo kichwani tangu utoto, lakini halikuwahi kuingia naye maabara.

Silasi alifungua nyumba. Jikoni, ndani ya kinu, yalikuwamo makopa ya muhogo mkavu ambayo hayajatwangwa, na pembeni ungo wenye unga kidogo. Veneranda aliuonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Alijaza chupa mbili, moja makopa na moja unga, akazifunga kwa nta, na Silasi akatia sahihi juu ya karatasi. Walipotoka, walimkuta mama mmoja mtu mzima amesimama kwenye uzio, mikono ameifumbata kifuani.

"Mwangaluka, mayu," Veneranda alimwamkia kwa Kinyamwezi, kama anavyoamkiwa mama.

Uso wa yule mama ulilainika kidogo. "Mwangaluka. Wewe wa wapi, unayesalimia hivyo na viatu hivyo?"

"Lusu."

"Basi muhogo unaujua."

"Ninaujua. Makopa haya yalitoka kwako?"

Mama yule aliitwa Apolinaria, na ilionekana alikuwa amelisubiri swali hilo kwa karibu majuma matatu. Alisema sembe ilikuwa haijafika dukani kwa muda. Zeyana alikuja siku ya Jumatano na chumvi ya kula ya kubadilishana, yeye akampa makopa. Kule walikotoka, muhogo ulikaa dimbwini siku tano ndipo ukaanikwa. Hapa nani angebeba mizigo ya muhogo saa mbili kwenda na saa mbili kurudi? Wakawa wanauanika bila kuuloweka, kisha kila mwanamke anauloweka mwenyewe nyumbani kwenye pipa, anabadilisha maji, mpaka uchungu utoke.

"Ulimwambia kwamba haya hayajalowekwa?"

Apolinaria alitazama chini. "Mwanangu, mtu mzima unamwambiaje kwamba moto unaunguza? Nilidhani anajua. Nani asiyejua?"

"Watu wa mjini. Wao wanajua muhogo mtamu wa kuchemsha."

"Sasa ndiyo najua." Kisha akasema haraka, kama anayemwaga maji machafu: "Hata Zeyana alikula. Mumewe alikula kwanza, na njaa yake ya saumu, akamaliza bakuli zima kwa mchuzi wa chumvi tu. Yeye akala ukoko. Akatapika mpaka akalegea, nikamwogesha mwenyewe. Askari waliuliza kama alilia. Hawakuuliza kama alitapika."

Silasi alikohoa na kuangalia magurudumu ya gari.

"Utaandika jina langu?" aliuliza Apolinaria.

"Nitaandika kwamba makopa yametoka jikoni mwa Zeyana. Hilo ndilo nililoliona kwa macho yangu."

"Na wakikuuliza?"

"Wakiniuliza, nitajibu."

"Haya," alisema Apolinaria. "Angalau hunidanganyi."

Jumatano Veneranda alijifungia maabara tangu asubuhi. Vilivyotoka tumboni mwa Thabit vilikuwa bado kwenye barafu, kiasi cha vijiko vichache. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Chumvi ya sonara yote ni sumu iliyo huru. Ukiifukuza kwa moto na hewa, hakuna kinachobaki. Muhogo mchungu ni kitu kingine: sehemu ya sumu yake imefungwa ndani ya chakula, na hubaki humo mpaka kitu kilichomo katika majani yake mabichi kiifungue.

Alipasha chupa ya Thabit moto taratibu na kupitisha hewa. Juu yake alining'iniza karatasi ya manjano iliyotiwa asidi ya pikriki, ambayo sianidi huigeuza rangi ya tofali. Karatasi ya kwanza ikageuka. Akabadilisha, akabadilisha tena, mpaka karatasi ikakaa manjano nusu saa nzima. Sumu iliyo huru ilikuwa imekwisha. Kisha akatia humo maji ya majani ya muhogo aliyoyatwanga jana yake na kuyaacha wazi mpaka yakapoteza sumu yake yenyewe. Maji hayo hayo aliyatia katika chupa ya pili yenye ugali wa mahindi peke yake, na katika ya tatu yenye unga wa jikoni mwa Zeyana. Akaning'iniza karatasi tatu.

Hakuweza kukaa. Alipanga rafu ya chupa, akaipangua. Dionis aliingia, akamkuta anafuta meza iliyokuwa safi.

"Bado?"

"Bado."

Walisimama pamoja mbele ya karatasi. Karatasi ya mahindi ilikaa manjano. Ya unga wa Zeyana ikaanza kuiva pembeni, ikawa nyekundu. Ya Thabit ilikawia. Ilikawia mpaka Veneranda akaanza kutunga kichwani sentensi ya kukiri kwamba ripoti ya kwanza ibaki ilivyo. Halafu rangi ikapanda kutoka chini, hafifu, kisha bila shaka yoyote.

Dionis aliitazama muda mrefu. "Ulipaswa kufanya hivi mara ya kwanza," alisema.

"Ndiyo."

"Nitatia sahihi chini ya yako," alisema.

Alhamisi, mahakamani, mwendesha mashtaka alikuwa na ripoti zote mbili mkononi, na sura ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Ripoti hizi mbili zimeandikwa na mtu mmoja?"

"Na mimi."

"Ile ya kwanza ulikosea?"

"Nilikosea. Nilipata sumu mahali pawili, nikaacha watu waamini ni sumu moja. Litmasi ilinionyesha kwamba siyo, na sikuizingatia."

"Tukuamini leo kwa nini?"

"Msiniamini. Chupa zote ninazo, zimefungwa. Mpeni mkemia mwingine."

Watu walicheka kidogo. Hakimu hakucheka. Aliuliza juu ya karatasi, juu ya majani, juu ya mahindi, swali baada ya swali kwa saa nzima. Baada ya mapumziko mwendesha mashtaka alisimama na kuondoa shtaka.

Zeyana alitolewa mlango wa nyuma. Alikuwa mwembamba kuliko Veneranda alivyomfikiria, shungi lake limekunjwa vizuri sana, kama mtu aliyekuwa na muda mwingi wa kulikunja. Alikuja moja kwa moja.

"Wewe ndiye uliyepima."

"Ndiyo, dada."

"Niambie wewe, wengine watanificha. Ni ugali wangu?"

Veneranda alikuwa na majibu kadhaa, na yote isipokuwa moja yalikuwa ya kumtuliza mtu. "Ni ugali wako," alisema. "Hukujua."

Zeyana alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali bei. "Makopa yalitakiwa yakae majini siku ngapi?"

"Tano."

"Mimi niliyaosha tu." Alianza kuhesabu kwa vidole, kuanzia Jumatano. Alipofika kidole cha tano akakishika. "Yangetoka majini siku ya Idi," alisema. "Angekula Idi."

Veneranda alihesabu naye, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Hesabu ilikuwa sahihi, akamwambia hivyo.