Kutembea Kwanza, Kupanda Baadaye

"Hivi, Eulogia, mtakatifu akilala chali, maombi yetu yatamfikia au yatapita juu kwa juu?"

Aliyeuliza ni doña Remigia Uicab, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja kuomba ndimu na akaisahau ndimu. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, macho sakafuni. Doña Eulogia Dzul alikuwa amepiga magoti juu ya vigae, bakuli la maharage meusi mkononi. Mbele yake, harage kwa harage, alilala Mtakatifu Roko kama mlevi wa Jumapili jioni. Fimbo yake ililala naye. Mbwa wake alisimama wima, pua juu, akimnusa nyayo.

"Na kichwa kiko wapi?" akauliza Remigia.

"Chini ya meza ya kusagia," Eulogia akajibu. "Kimetoka nje ya kitambaa."

Alionyesha uzi mwekundu alioutandaza kuzunguka vigae kuwa mpaka wa kitambaa. Kweli, shingo ya mtakatifu iliuvuka uzi na kuendelea na safari zake. Huko chini ya meza kuku alikuwa amekwisha kulimeza jicho la kushoto.

Eulogia akapiga ishara ya msalaba, akamfukuza kuku.

Yote yalianza na nondo. Walikuwa wameitafuna bendera ya zamani ya Chama cha Wadarizi, ile inayokitangulia chama kuingia kanisani kila tarehe kumi na sita ya Agosti, hadi uso wa mtakatifu ukabaki ndevu tu. Eulogia alikuwa na nadhiri. Mumewe, don Ceferino, alipougua homa wiki saba, alimwahidi Mtakatifu Roko kwamba mzee akiondoka duniani na akili zake timamu na padri kando yake, yeye ataidarizi bendera mpya kwa mkono wake mwenyewe kabla sikukuu tatu hazijapita. Don Ceferino aliondoka vizuri, akimtambua kila mtu, akamsamehe hata Remigia. Mtakatifu alikuwa ametimiza yake. Sikukuu mbili zilikuwa zimepita, na hii ya tatu ilikuwa imebakiza miezi mitatu.

Ndipo meya, don Abelardo Ceballos, aliposikia habari za nondo akaguswa moyo, maana uchaguzi ulikuwa karibu. Akatoa kitambaa, akatoa nyuzi za rangi arobaini. Sharti lilikuwa moja: kazi ifanywe kisasa. Hakuna tena kunakili kutoka vitambaa vya mabibi. Mchoro utatengenezwa kwa kompyuta, utageuzwa kuwa namba, na hakuna atakayeuona mpaka siku ya sikukuu, ili iwe mshangao. Kwa kazi hiyo akamleta kutoka Mérida injinia Wilberth Rosado, mpwa wa mke wake, kijana mwenye viatu vyeupe na kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuandika na hata moja.

Mafunzo yalifanyika barazani pa halmashauri, siku tatu.

"Leo tutajifunza majira ya nukta," injinia akasema siku ya kwanza.

"Majira ya kupanda au ya kuvuna?" Remigia akauliza kutoka nyuma.

Wanawake wakacheka. Injinia akatabasamu kama mtu anayemsamehe mbuzi. Akachora mistari miwili ubaoni, mmoja umelala, mwingine umesimama.

"Hapa inapokutana ni sifuri. Ni kona ya chini ya kitambaa chenu, mkono wa kushoto. Kila nukta ina namba mbili. Namba ya kwanza, mnatembea kwenda kulia. Namba ya pili, mnapanda juu. Kutembea kwanza, kupanda baadaye. Semeni wote."

"Kutembea kwanza, kupanda baadaye," wakasema.

"Basi ni ya kupanda," Remigia akanong'ona.

Eulogia akainua mkono. Alikuwa na madarasa sita ya shule na miaka arobaini ya sindano, na hakuwa mtu wa kusema ovyo.

"Injinia, sisi huanza kwa kupanda. Tunahesabu kutoka kwenye upindo kwenda juu, tukifika ndipo tunakwenda kando. Upindo hausogei, ndiyo maana. Bibi yangu alitufundisha hivyo."

"Bibi yako alisoma mpaka darasa la ngapi, mama?"

"Hakusoma."

"Ndiyo maana alikuwa akipanda ukuta kabla hajaifikia nyumba."

Akawapa nafasi ya kucheka. Hawakuitumia, ikabidi aitumie mwenyewe. Eulogia akaketi, akakunja mikono, akaendelea kumtazama. Alimwona akiifundisha nukta yenye namba tatu na nne akiwa ameupa ubao mgongo. Alimwona pia akizigawa zile kurasa thelathini na moja za namba bila kutupia jicho hata mstari mmoja. Mtu akishasoma sana, inaelekea hana haja ya kusoma tena.

Siku ya tatu kila mwanamke alipewa cheti. Uso wa meya ulikuwa mkubwa kuliko jina la mwenye cheti.

Kitambaa kilikuwa na miraba mia moja na arobaini kwa upana, na mia mbili kwa urefu. Kabla ya kukitia sindano, Eulogia alikwenda kwenye sakafu ya jiko lake, kigae kimoja kikiwa badala ya miraba kumi, akaanza kuweka maharage kwenye namba za ukingo wa picha. Alitembea kwanza, akapanda baadaye, kama alivyofundishwa. Na ndivyo mtakatifu alivyolala, na ndivyo kuku alivyolipata lile jicho.

Asubuhi ile ile alijifunga shali akaenda halmashauri. Injinia alikuwa akinywa maji ya ukwaju.

"Injinia, samahani. Mtakatifu amelala, na kichwa kimetoka nje ya kitambaa. Kuna namba za kwanza zinapita mia na tisini, na upana ni mia na arobaini. Nadhani namba zimebadilishana nafasi."

"Mashine haikosei, mama."

"Mimi sijaitaja mashine."

Injinia akaweka glasi chini. "Hebu niambie, unafanya nini kwanza?"

"Natembea."

"Halafu?"

"Napanda."

"Basi atasimama. Akilala, ujue ni wewe uliyelala." Zile kurasa alizokuja nazo Eulogia zilikuwa mezani, chini ya glasi, zimelowa duara la maji. Hakuzigusa. "Sikiliza, mama. Kama ni kazi ngumu kwenu, Mérida kuna karakana ya mashine za kudarizi. Siku mbili wamemaliza. Nikipiga simu leo, kesho wanachukua kitambaa."

Eulogia akakaza fundo la shali yake. Bendera ya mashine ingeingia kanisani vizuri tu, ila nadhiri ingebaki nje, na sikukuu ya nne haikuwa kwenye mapatano. Angemwambia nini Mtakatifu Roko? Angemwambia nini Ceferino?

"Tutaweza," akasema.

"Kama nilivyofundisha?"

Uongo hakuuzoea, na uzeeni si wakati wa kuanza. Akafikiri. "Ukurasa upi hasa unakupa wasiwasi, injinia?"

"Wa mwisho." Hapo uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza. "Huo ndio muhimu kuliko yote. Usikosee hata nukta moja."

"Ukurasa wa mwisho nitaushona kama ulivyofundisha," Eulogia akasema. "Nukta kwa nukta. Nakuapia."

"Basi," akasema injinia, akarudi kwenye glasi yake.

Nyumbani aliyaokota maharage, akayafuta, akazisoma namba upya kwa njia ya bibi yake: ya kwanza akapanda, ya pili akaenda kando. Kidogo kidogo Mtakatifu Roko akanyanyuka. Miguu ikashika upindo, fimbo ikasimama mkono wa kulia, mbwa akatua chini kwa miguu yake minne. Remigia, aliyekuwa amerudia ndimu yake, akainama kuangalia.

"Sasa huyo mtoto wa Mérida alifundisha nini?"

"Alifundisha sawasawa. Ila orodha yake imeandikwa kinyume na mafundisho yake."

"Na mashine yake?"

"Labda ilifundishwa na bibi yangu."

Kisha akachukua ukurasa wa mwisho, akaujaribu kwa njia hiyo hiyo. Kwenye kona ya chini, nyuma ya mbwa, ukajitokeza uso wa don Abelardo Ceballos na kofia yake. Kutoka kwenye uso huo, kwenye upindo wote, yakatoka maneno: ZAWADI YA MEYA WENU. Eulogia akatazama kwa muda wa kusali fungu zima la rozari. Akayaondoa maharage, akayapanga tena kama alivyofundishwa barazani. Uso ukalala. Maneno yakaacha upindo, yakapanda pembeni mwa kitambaa mkono wa kushoto, kila herufi ikiwa imegeuka kama kwenye kioo.

"Eulogia," Remigia akasema, akishika mlango asianguke. "Hutashona hivyo."

"Nimeapa."

Alidarizi karibu miezi mitatu. Kila msalaba wa uzi aliuombea neno, kama alivyozoea, hata misalaba ya uso wa meya, ingawa hiyo aliiombea haraka haraka. Alijitahidi asifurahi. Sehemu aliyofurahi aliiungama kwa padri Ijumaa moja. Padri akampa Salamu Maria tatu, kisha akauliza kofia ilielekea upande gani.

Siku ya Mtakatifu Roko, saa tatu asubuhi, uwanja mbele ya kanisa ulijaa. Fataki zilipigwa, wanawake wa chama walijipanga na magauni yao meupe ya nakshi, na bendera ilisimama kwenye mti wake, imefunikwa shuka. Injinia akahutubia robo saa. Alisema kijiji kilikuwa kikihesabu kwa vidole, sasa kinahesabu kwa akili. Alisema kila nukta watakayoiona ni matunda ya njia yake. Meya akavuta shuka.

Mtakatifu Roko alisimama wima, mzuri, macho yote mawili kichwani. Watu wakapiga makofi. Padri akavua kofia yake.

Halafu makofi yakaanza kufifia kutoka upande wa kushoto. Vichwa vikainama, kimoja kimoja, kuelekea bega. Kwenye kona, chini kabisa, meya alikuwa amelala chali, kofia upande wa kulia, chini ya mkia wa mbwa barabara. Kutoka hapo maneno yalipanda pembeni kama mchwa kwenye mti. Remigia akafungua mkoba, akatoa kioo chake cha poda, akaegemeza kichwa begani.

"Zawadi," akasoma kwa sauti, "ya meya... ngoja, kioo kina vumbi... wenu."

Don Abelardo akawa mwekundu. "Nani kashona hiki?"

"Mimi, don Abelardo," Eulogia akasema.

Injinia akajitokeza haraka. "Niliwaambia hawa wanawake. Niliwafundisha siku tatu. Huyu mama ameharibu ukurasa wa mwisho makusudi."

"Ukurasa wa mwisho ndio nilioushona kwa mafundisho yako," akasema Eulogia, taratibu, kama anayejibu swali la katekisimu. "Nilitembea kwanza, nikapanda baadaye. Nukta kwa nukta, kama nilivyokuapia. Huyu mtakatifu ndiye niliyemshona vibaya, kama bibi yangu. Kama nimekosea, tumlaze naye."

Kutoka chini ya shali Eulogia akatoa zile kurasa, zimekunjwa vizuri, ya juu ikiwa na duara la glasi, akamkabidhi meya. Don Abelardo akazipitia, akampa mpwa wa mke wake.

"Wilberth," akasema. "Upana ni miraba mingapi?"

"Mia moja na arobaini, mjomba."

"Nisomee namba ya kwanza ya mstari huu."

Injinia akatazama karatasi. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama.

"Mia na tisini na mbili," akasema.

"Na namba ya kwanza ni ya nini?"

Kengele ikapigwa. Chama cha Wadarizi kikainua bendera yake na kuanza kuingia kanisani, Eulogia mbele, mkono kwenye mti wa bendera, midomo ikimwambia Ceferino jambo. Mtakatifu akapita mlangoni amesimama. Meya alibaki nje akingoja jibu.

Injinia Wilberth Rosado alizikunja kurasa, akazitia mfukoni pamoja na kalamu zake tatu, akageuka. Alitembea kwanza, uwanja mzima kutoka upande hadi upande, na viatu vyake vyeupe. Kisha akapanda basi la Mérida.