Uzi Alioufunga Babu

Uzi ulikuwa umehama. Si sana, upana wa ukucha tu. Kwenye ncha ya juu ya upinde palichongwa mfereji mwembamba, na uzi ulipaswa kulala humo katikati kama mtoto aliyefungwa mgongoni. Asubuhi ile ya hitima ya babu yake, Zulaika alipopanda kigoda kufuta vumbi, aliuona umelala ukingoni. Akafuta, akashuka. Kisha akapanda tena na kuangalia vizuri, kwa kuwa macho nayo hudanganya. Safari hii hayakudanganya. Bawa la juu la upinde lilikuwa limeanza kujinyonga.

Ukutani pale, katika nyumba yao ya mteremko wa Mbuya, palikuwa na pinde mbili. Zote zilikuwa za marehemu babu yake, Mzee Abdul-Karim, na katika Wanubi wa Kampala na Bombo hakuna aliyehitaji kuelezwa huyo alikuwa nani. Zamani, watu walipokuwa bado wanawinda kwa kibali, alikwenda kaskazini na wageni, na mmoja wao, mtu wa ndevu nyekundu, alimwachia pinde hizo siku alipofunga mizigo kurudi kwao. Hazikuwa kama pinde za kienyeji, za kipande kimoja cha mti. Zilikuwa za tabaka, mti juu ya mti, na juu yake ngozi nyeusi ing'aayo kama kioo. Ncha zake zilitazama mbele, kana kwamba zimeona kitu. Kwa pinde hizo babu aliangusha nyati, na kila mshale ulipotoka alisema bismillahi, ili nyama iliwe na kila aliyesubiri nyumbani. Wenzake walizoea kusema kwamba mshale wake haukusikika. Ulichosikia ni bismillahi, kisha mnyama anaanguka.

Upinde wa kwanza ulikuwa mzoga. Upinde wa namna ile ukiufungua uzi haunyooki tu, bali hujigeuza ukajikunja upande wa pili. Ami Nasif alipokuwa kijana aliukuta umepumzika hivyo, akaona umepinda, akaufunga uzi kwa kuufuata mpindo wake. Nani asingefanya hivyo? Ukapasuka kwa mlio uliowatoa majirani nje. Babu hakumpiga. Aliutundika ukutani na ufa wake, akamwambia, "Huu sasa ni wako. Uwe unautazama." Nasif aliutazama mpaka akaota mvi.

Wa pili ndio uliokuwa na uzi, na uzi huo haukufunguliwa tangu Idi ya mwisho ya babu. Siku hiyo wageni walikuwa wamejaa uani. Mzee aliyekuwa anatetemeka mpaka chai inamwagikia kanzu alitoka chumbani ameubeba upinde, uzi umekaza kama waya wa umeme. Watu walipiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele. Upinde wa nyati, vijana wenyewe unawashinda kuufunga, mzee kaufunga peke yake! Mwezi ule haukwisha, babu akafariki.

Tangu hapo Bibi Nuriat, mkewe, alikataza mtu kuugusa uzi. "Nguvu zake za mwisho zimo humo," alisema. Babu mwenyewe maisha yake yote alisema upinde hauachwi na uzi, upinde hulala kama mtu anavyolala. Lakini nani angemkumbusha mjane maneno hayo?

Zulaika hakuwa mtu wa kumkumbusha yeyote jambo lolote. Shule aliiacha darasa la tano, babu alipoanza kutetemeka na nyumba ikahitaji mtu wa kumshikia kikombe. Tangu hapo sauti yake ikazoea chumba cha mtu mmoja. Mbele ya wawili iliingia ndani kama kobe.

Na leo, baada ya hitima, Ami Nasif angeushusha upinde na kuuvuta mbele ya watu. Bibi alikubali. Uvutwe, waone, urudi ukutani na uzi wake.

Zulaika alijua uzi ukiwa ukingoni na mtu akavuta, nini hutokea. Babu alikuwa na kovu chini ya jicho, na alimwonyesha mara nyingi. "Uzi uliniruka. Ungekuja juu kidogo ungechukua taa ya jicho."

Nasif alifika na pikapu ya viti kutoka karakana yake ya Katwe, anakotengeneza mageti. Zulaika akamfuata mpaka kwenye mlango wa gari.

"Ami. Uzi umehama."

"Umehamia wapi? Ntinda?" Nasif akacheka, akampa viti viwili. "Kodi ya huko utaimudu?"

"Uko ukingoni. Bawa linajinyonga. Ukivuta…"

"Zulaika, mwanangu. Mimi kutwa nanyoosha vyuma. Kauzi hako ndiko kanishinde?" Kisha kicheko kikamwisha, akashusha sauti. "Unajua wananiitaje hapa mtaani? Nasif Pasua. Mpaka leo, na mvi hizi. Niache nivute mara moja tu."

Zulaika akaenda jikoni. Bibi Nuriat alikuwa ameketi kwenye mkeka, anapanga gurusa, mikate yao myembamba, kwenye sinia aliyoisuka mwenyewe kwa nyasi za rangi.

"Bibi, upinde unajipinda. Tuufungue kidogo, upumzike."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Basi funika sufuria." Bibi hakuinua uso. "Mkono wangu umesahau mkono wa mume wangu, Zulaika. Nikilala nautafuta, siupati. Ule uzi ndio uliobaki. Wewe kazi yako vumbi, na unaifanya vizuri. Lakini usiushushe chini ukauvuka. Mwanamke akivuka silaha ya mwindaji, imekufa hiyo."

Hayo ya kuvuka Zulaika aliyasikia tangu anatambaa. Mikuki, visu, mishale, hata podo tupu: unazunguka, huvuki. Na ndiyo maana alifunika sufuria na kunyamaza, kwa sababu upinde ule aliuvuka.

Ilikuwa asubuhi ile ile ya Idi. Babu alikuwa ameshawaahidi wageni. Alijaribu mara moja, mikono ikamkataa. Akajaribu tena, uzi ukamtoka ukapiga kitanda. Akakaa akatazama sakafu, kisha akasema, "Lete mguu wako."

"Babu, nitauvuka."

"Funga mlango."

Akamwelekeza. Mguu wa kulia uingie kati ya uzi na mti. Ncha ya chini ishikwe na kifundo cha mguu wa kushoto. Paja lisukume, mkono ukunje bawa la juu, uzi upande mpaka kwenye pengo lake. "Mimi nasema bismillahi," babu akasema, "wewe sukuma." Akasema, Zulaika akasukuma, uzi ukaingia kwa sauti ndogo kama mtu anayemeza. Babu akamtazama kitambo. "Hilo litabaki humu," akasema, akauchukua upinde, akatoka.

Sasa Zulaika alikuwa na mambo mawili, na hakuweza kuyashika yote. Akinyamaza, Ami Nasif atavuta, na uzi utamrukia usoni, na upinde wa pili utakwenda ulikokwenda wa kwanza. Akisema, Bibi atabaki bila mkono wa mumewe, na babu atabaki mzee aliyesaidiwa na msichana, kwa mguu.

Hitima ikasomwa. Pilau ikaliwa. Sheikh akaaga mapema, ana msiba mwingine Kibuli. Waliobaki walivuta viti karibu, na katikati yao alikuwa Mzee Oryem, Mwacholi, askari mstaafu wa kambi ya kilima kile kile, aliyefuata nyayo za wanyama pamoja na marehemu.

"Mimi niliona na macho yangu!" Oryem alikuwa anasema, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Ile Idi. Huyu mzee anatoka pale, mikono iko natetemeka, lakini upinde iko imefungwa tiii! Nikasema banange, jamani, huyu si mtu, huyu ni winchi!"

Watu wakacheka. Bibi Nuriat naye akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile, akaweka mkono kifuani. Zulaika, na sinia ya vikombe, aliliona tabasamu lile na kutamani asiwe ameliona.

Nasif akatoka na upinde. Akasimama katikati ya ua, akakunja mikono ya kanzu.

"Nasif Pasua!" mtu akaita kutoka nyuma. "Tusogeze watoto?"

"Sogeza na mama yako," Nasif akajibu, na watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka.

Akashika uzi kwa vidole vitatu. Akaanza kuvuta. Mti ukalia, kilio chembamba cha mlango wa zamani, na Zulaika, aliyekuwa anatazama ncha ya juu na si kitu kingine, akaona bawa likigeuka na uzi ukipanda ukingo.

Sinia ikaanguka. Vikombe vikavunjika.

"Ami, acha!"

Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile, hata mwenyewe. Nasif akalegeza mkono polepole, kwa mshangao zaidi kuliko utii.

"Uzi utakupiga. Lazima ufunguliwe."

"Zulaika," Bibi akasema kutoka kitini, taratibu, kama mtu anayemwita mbuzi asikimbie. "Tulishaongea. Uzi ule aliufunga Babu yako."

"Si Babu, Bibi. Niliufunga mimi."

Barabarani boda boda ikapita, ikaenda zake.

"Huyu musichana nasema nini?" Oryem akauliza.

"Mikono ilimkataa. Akaniambia nifunge mlango. Niliufunga kwa mguu."

"Kwa mguu," Bibi akarudia. "Uliuvuka?"

"Niliuvuka."

Bibi Nuriat akasimama. Alichukua muda, magoti yake yalikuwa mabaya. Akaja mpaka kwa Nasif, akaushika upinde, na kwa vidole vilivyosuka masinia maisha yote akaipapasa ncha ya juu, akarudi chini, akapanda tena. Kidole chake kikasimama pale bawa lilipokuwa limekwenda upande. Alijua kitu kilichonyooka na kisichonyooka. Akakaa na kidole pale, na watu wakakaa naye.

"Basi ni mkono wako," akasema mwishoni. "Ufungue."

"Bibi, mbele ya watu?"

"Ulishauvuka ukiwa umejificha. Uvuke nikuone."

Zulaika akakusanya gurbaba yake, lile shuka la rangi alilojifunga kiunoni, akapitisha mguu kati ya uzi na mti. Kifundo. Paja. Alisema bismillahi mwenyewe, kwa kuwa aliyekuwa akiisema hayupo. Akasukuma, uzi ukalegea, ukashuka. Na upinde, polepole, ukajigeuza ukajikunja upande wa pili, ukalala. Bawa la juu lilibaki na kilema kidogo. Pengine kingepona, pengine la.

"Banange," Oryem akasema. "Kumbe mimi nilikuwa napigia makofi muguu ya Zulaika!"

Wachache wakacheka, wakaona Bibi hacheki, wakaacha. Nasif alikuwa anajigusa shavu, pale chini ya jicho, kama anayepima. "Leo aliyepasuka ningekuwa mimi," akasema, si kwa mtu.

Bibi aliuchukua uzi mtupu. Akauzungusha kiganjani, mzunguko kwa mzunguko, kama wanavyokunja nyasi kabla ya kusuka. Akarudi kitini akaketi nao.

"Na yeye alikuwa anafanya nini, wakati unasukuma?"

"Alisema bismillahi."

"Tu?"

"Tu."

Bibi akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Mwizi yule. Akatoka kifua mbele! Na mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka." Akatazama uzi mkononi, kisha akamtazama mjukuu wake, kwa muda, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Na wewe? Tulipokuwa tunashangilia, wewe ulikuwa wapi?"

Zulaika alikuwa ameinama anaokota vigae vya vikombe. Hilo hakuwahi kulisema, hata chumbani, hata kwa babu mwenyewe jioni ile alipomshikia chai. Akaviweka vigae chini.

"Nilikuwa nyuma ya mlango, Bibi. Nikajifanya mnanishangilia mimi."