Kubazi la Bi Zena

Nilipong'oa gidamu iliyokatika ya kubazi la ngozi, mchanga ukanimwagikia gotini. Mweupe, laini, wa kule ng'ambo, ukishapita Kigamboni mjini. Sikuupangusa.

"Fundi Uledi," Athanas aliniita kutoka kwenye meza yake ya mikanda, "hilo kubazi unalitengeneza au unaliombea dua? Tangu asubuhi!"

"La mama mkwe."

"Ahaa. Basi kaza, usije ukanyang'anywa mke."

Nikalivuta kubazi karibu.

Jumapili iliyopita tulivuka kwa pantoni: mimi, mke wangu Nasreen, na mama yake, Bi Zena, aliyetoka Kilwa kuja kututazama. Alitaka kitu kimoja tu, kusimama juu ya rasi ambako marehemu mumewe alichoma chokaa ujanani, rasi aliyomsimulia miaka yote ya ndoa yao. Nasreen ana mimba ya miezi minane, akabaki kivulini na chakula. Tukaenda wawili. Nilikuwa nimeuliza njia mapema: vilima vinne vya mchanga, kisha rasi.

Kwenye kilima cha tatu gidamu ilikatika. Bi Zena akateleza, akapiga magoti. Mimi nilikuwa hatua mbili juu yake. Akainua mkono kidogo.

Kwetu mkwe hashikwi mkono. Hata chai namwekea mezani, simkabidhi. Dini hainikatazi; ni haya tu, niliyoikuta nami nikaishika. Nikageuka kutazama kilima kilichobaki ili asifedheheke. Nilipomgeukia tena, mkono ule ulikuwa ukiweka sawa mtandio.

"Turudi, baba," alisema. "Nimeshaona."

Kutoka pale hapaonekani kitu ila mchanga na mbingu.

Simu ikalia mezani kwangu, kati ya viatu. Alikuwa Nasreen.

"Mama amekata tiketi. Anaondoka kesho alfajiri."

"Mwambie asubiri Jumapili, turudi kule." Nikaliweka kubazi chini. "Mwambie safari hii nitamshika mkono."

Nikawasikia wakinong'onezana.

"Anasema usijisumbue, alishaona. Na kiatu usikiharakishe, atasafiri na ndala."

Nikapaka gundi, nikabandika gidamu mpya, nikalifunga kubazi kwa kamba ili ishike. Gundi yangu hulala usiku mzima ndipo nishone; sijawahi kuiharakisha.

Athanas alikuwa akifunika meza yake kwa turubai.

"Umemaliza?"

"Kushona bado," nikasema. "Kesho."