Supu ya Mama na Majani ya Bondeni

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Waliosema hivyo hawajamuuguza mama yangu, Earline. Tangu Jumapili alikuwa akifumba mdomo kila nikimletea kijiko, na daktari alishaniambia kwamba asipokula tutamzika kabla ya kiangazi.

"Nitakula supu ya bamia," alisema asubuhi ile. "Ila utie majani ya kule bondeni. Ya dukani kampikie mchungaji."

"Mama, nimechoka."

"Kilichochoka ni mdomo. Miguu unayo."

Nikapika supu, nikaiacha jikoni ikisubiri majani, nikatoka nimenuna. Nilikatiza kwenye misonobari, juu ya mchanga mkavu, mpaka pale mteremko unapoanza kuvuja maji na viatu vinazama. Hapo msitu hubadilika: magnolia zenye majani meupe kwa chini, kangaga, vichaka vya matunda meusi vinavyong'ang'ania sketi. Miti yetu ya majani ya mchuzi ilikuwepo yote, imesimama wima, imekufa. Majani yalikuwa yamekauka yakabaki matawini, na magome yametobolewa na kadudu kadogo kama ufuta. Nilisikia zamani kwamba kadudu hako kameingia kwetu, ila mwenye mgonjwa ndani hana nafasi ya kwenda kukagua miti.

Nilitafuta hata chipukizi, nikakosa. Nikakaa juu ya kuvumwani, ule umea laini wa kijani unaotanda chini penye unyevu, nikalia, na usingizi ukanichukua hapohapo, nguo zimeloa.

Niliporudi jua lilikuwa limeshapinda. Mama alinitazama kutoka kitandani.

"Umelala. Una kuvumwani shavuni."

"Mama, miti imekufa yote. Sikupata hata jani."

"Najua. Binamu yako Tyree aliniambia wakati wa Krismasi."

Hasira zikanipanda. "Sasa ulinituma matopeni nikatafute nini?"

"Hujatoka humu ndani tangu nilipoanguka. Ningekwambia kapumzike, ungeenda?"

Nisingeenda.

"Haya, lete hiyo supu," alisema. "Hivyohivyo, bila majani."

Nikaipasha moto, nikaketi kando yake. Alimeza kijiko kimoja, akameza cha pili kwa taabu, na niliona wazi kwamba hana hamu, anakula kwa ajili yangu. Cha tatu alikisukuma kwa mkono wake uliokonda, taratibu, mpaka kikafika kinywani mwangu.

"Hicho chako," alisema.

Nikala.