Damu ya Kawaida

Mpimaji alidondosha tone la mwisho la plazma ya damu kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, akaifunika, akaketi kungoja rangi. Kipimo cha homoni ya woga huenda kinyume. Homoni ikiwa nyingi, huzijaza kingamwili zilizobandikwa chini ya kishimo, rangi ya manjano ikakosa pa kushika, ikafifia. Wageni wa kazi huteleza hapo, wakampongeza mgonjwa kwa afya njema. Yeye hakuteleza.

Kishimo cha kwanza kilikuwa chake. Tangu maabara ifunguliwe, damu yake ndiyo damu ya kawaida, na wengine wote hulinganishwa nayo. Mkuu wa maabara alimchagua mwenyewe, kwa kuwa haugui, hana makuu, na mume wake humletea chakula cha mchana kwa mkono wake. Anayetaka kujua utulivu, mkuu huwaambia wafanyakazi, amtazame huyo.

Cha pili kilikuwa cha mdogo wake, anayeishi nyumbani kwake na mumewe tangu mama yao afariki. Binti amekonda, nywele zinamkatika, usingizi umempaa. Rangi ilipotulia, vishimo vya dada na mdogo wake vilikuwa sawa, kama chai ya birika moja. Mpimaji akashusha pumzi.

Hapo mume akaingia na hotpoti. "Hamjambo humu?" akasema, kwa ile sauti ya upole inayopendwa na kila mtu.

Vishimo viwili vya mwanzo vikafifia, vikabaki kama maji. Vingine havikubadilika.

Kwamba plazma huendelea kuogopa hata ikitengwa na mwenyewe, si habari pale. Sampuli za wapangaji hufifia mwenye nyumba wao akipita dirishani, na mfagiaji huvuta pazia. Kilichomkata maini mpimaji ni kishimo cha pili. Cha kwanza alikijua miaka yote, akakiita ndoa. Cha pili hakukijua kabisa. Alishika ukingo wa meza.

"Kula kabla hakijapoa," mume akasema, akaenda zake. Rangi ikarudi polepole.

"Mkuu," mpimaji akasema, "damu yangu haifai kuwa ya kawaida. Haijawahi kufaa."

Mkuu alikuwa ameona yote. Alivua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe. "Tukikubali hilo leo, wale wanawake wote tuliowalinganisha nawe, tukawaambia hawana tatizo, tukawarudisha makwao, tutawaambia nini?"

Mkuu akaagiza kipimo kirudiwe mlango ukiwa umefungwa, na kuanzia kesho chakula kiachwe mapokezi. Kikarudiwa. Kikatoka vizuri.

Jioni mdogo wake alimkuta jikoni, anasugua hotpoti iliyokwishatakata.

"Majibu yangu vipi, dada?"

"Kawaida."

"Kama yako?"

Mpimaji alifunga bomba.

"Kama yangu," akasema.

Binti alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa swali jingine. Sebuleni mume aliomba maji ya kunywa, kwa upole. Binti akafuta mikono, akachukua glasi, akampelekea.