Njano ya Kilo Sitini na Tatu

Alhamisi aliyopotea mumewe, fundi wa kutia vitambaa rangi alikuwa uani akichuja maji ya maganda ya komamanga kwa kipande cha chandarua. Mumewe alikunywa chai amesimama, akachukua ufunguo wa baiskeli, akasema atarudi saa kumi na moja. Kiwanda cha juisi alikofanya kazi kilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale. Jioni baiskeli ilikuwa bado imefungwa kwenye uzio wa kiwanda, na wanawake wa zamu walisema mashine ya kukamulia ilisimamishwa ghafla, ikaoshwa kwa mpira wa maji saa nzima, kisha ikawashwa tena.

Ijumaa msimamizi wa kiwanda alileta barua. Mfanyakazi ametoroka kazi.

"Daftari la getini linasema alitoka saa kumi na robo," alisema.

"Nani alimwona?"

"Daftari."

Jumamosi lori la kiwanda lilimshushia fundi magunia ya maganda, kama kila wiki. Alipima kitambaa kikavu, kilo mbili, akapima na maganda kilo mbili, maana kazi hiyo huenda uzito kwa uzito. Akayachemsha. Kitambaa kilikwisha kulowekwa kwenye maji ya shabu ili rangi ishike, akakizamisha sufuriani na kukiacha hadi asubuhi.

Asubuhi alishindwa kukitoa. Alimwita wifi yake, dada wa mumewe, na wapakiaji wawili wa jirani, wakakibeba wanne hadi kwenye mkeka. Adhuhuri kilikuwa kikavu, lakini uzito haukupungua. Wakakitundika kwenye mizani. Sitini na tano.

"Toa mbili za kitambaa," wifi alisema.

"Sitini na tatu."

"Basi ni kaka. Tangu akuoe hajaongeza hata robo, na hayo mapishi yako."

"Wifi, hata leo?"

"Nasema mbele yake. Akatae mwenyewe."

Kwa kawaida maganda ya komamanga hutoa njano iliyopoa. Hii ilipaka kuta za ua, nyuso za watu na maji ndani ya ndoo. Kuku waliacha kuparura. Jirani mmoja aliyekuwa akigombana na mtu kwenye simu aliikata bila kuaga, akavua viatu. Fundi, aliyetia rangi miaka ishirini, alikaa mbele ya kitambaa akaona kwamba miaka yote hiyo njano alikuwa akiikisia tu.

Karani wa makaburi aliitwa, akaja, akakigusa, akavua kofia. Akampa pole. Kisha akasema kaburi halichimbwi bila karatasi ya kifo, na karatasi hiyo ingetoka kwa msingi wa barua ya kiwanda.

Jumatatu msimamizi alirudi, akavua viatu. Alikitazama kitambaa muda mrefu, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema.

"Niandikie tu kwamba alifia kazini," fundi alisema. "Sitaki kingine. Nimzike."

Msimamizi aliagiza kipimwe tena. Alisoma mizani mwenyewe, akatoa fomu mfukoni, akajaza taratibu kwa mwandiko mzuri, akamkabidhi nakala. Fundi alisoma: kitambaa, kilo mbili, maganda, kilo sitini na tatu.

"Umeandika maganda."

"Ndilo neno lililomo kwenye fomu, mama."

Wifi alimuuliza kama nyumbani kwake huwa wanakunywa juisi. Msimamizi alivaa viatu, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Kitambaa kiko kitandani, upande wa ukutani. Hakijapauka. Asubuhi na jioni mawifi hao wawili hukigeuza ili kisijikunje, mmoja huku na mwingine kule, na wakimaliza hukaa ukingoni mwa kitanda mpaka pumzi ziwarudie.