Tangi la Mama Limegoma

Kijani tena. Si maji ya kwenye tangi, hayo yalikuwa safi unaweza kuyanywa. Ni yale ya kwenye kichupa cha kupimia, baada ya kutia matone ya dawa na kutikisa. Njano maana yake amonia imekwisha. Kijani maana yake ipo, na kijani kilichoiva namna ile maana yake imejaa tele. Mimi kazi yangu ni kuchanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mtu asinieleze habari za kijani. Damu ilinichemka, nikaenda kukimwaga jikoni huku namsema mdogo wangu kimoyomoyo.

Niseme kwanza kwa nini tangi la samaki lisilo na samaki lilikuwa linanitoa roho.

Mama alivunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani, na daktari wa mazoezi akasema lazima asimame kila siku, hata kidogo, la sivyo miguu itakakamaa na hatasimama tena. Mama hakutaka kusikia habari za mazoezi. Kilichokuwa kinamwinua kitini ni samaki wake. Kila asubuhi alishika ukingo wa meza, akasimama, akawanyunyizia chakula, akawaamkia mmoja mmoja, ndipo akakaa. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake.

Halafu mdogo wangu akaamua kumfurahisha. Mimi niko kazini, yeye akaleta tangi kubwa jipya, akaling'arisha, akalijaza maji ya bomba, akahamishia humo mimea na samaki wote siku hiyohiyo. Tangi la zamani, pamoja na sponji yake chafu iliyokuwa na kila kitu cha maana, akalitupa. Samaki walikufa wote kabla ya wiki kuisha. Nilipomuuliza akanijibu, "Dada, si samaki tu? Tutanunua wengine."

Samaki tu. Tangu hapo Mama hajasimama. Ukimwambia ainuke anakuuliza, "Nisimame nikaangalie nini?" Na mimi tangu hapo sikumsemesha mdogo wangu, naye kwa kiburi chake cha kitindamimba akaninunia vilevile.

Maneno tukawa tunayapitishia kwa Mama. "Mama, mwambie mwanao gesi imekwisha." "Mama, mwambie dada ufunguo uko juu ya friji." Mama alifikisha neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa tarishi wa ofisi mpaka alipostaafu. Mafaili na barua za wakubwa zilipita mikononi mwake miaka yote hiyo, na alikuwa akijisifu kwamba hakuwahi kufungua bahasha isiyo yake. Sisi wanawe tukamrudisha kazini.

Kulishughulikia tangi nikajitwisha mwenyewe, bila kumwambia mtu. Kwenye duka la samaki walinieleza vizuri. Uchafu wa samaki unatoa amonia, amonia inawaua, na wanaoila ni bakteria wanaojijenga taratibu kwenye sponji ya chujio. Kwa hiyo unaanza bila samaki. Unatia amonia kidogo ya chupa, unasubiri bakteria waile, ikishuka unatia tena, mpaka tangi lizoee kazi. Ila usizidishe, wakaniambia, maana ikizidi sana bakteria wenyewe wanadumaa. Nikatia kidogo, chupa nikaificha kabatini kwangu, nikasubiri. Wiki zikapita, na kichupa bado kijani.

Nilitafuta mchawi kila mahali. Klorini ya bomba: nikawa natia dawa ya kuiondoa kabla maji hayajaingia. Baridi: nikaweka kipasha maji. Ukali wa maji: nikapima, uko sawa. Chujio linavuma bila kupumzika. Mimea aliyoipanda Mama kwa mkono wake ikaanza kuoza kingo za majani, na mimea nayo hula amonia, kwa hiyo nikazidi kuchanganyikiwa. Nikahisi mdogo wangu anaiosha sponji kwa maji ya bomba ili ing'are, maana kung'arisha vitu ndiyo akili yake yote. Nikafunga uzi mwembamba kwenye kifuniko cha chujio nimnase. Uzi haukuguswa. Hilo liliniudhi zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimeshamhukumu.

Kilichobaki ni kubadilisha maji. Kila jioni nikikuta kijani kimezidi, nilivuta mpira, nikamwaga karibu yote, nikabeba ndoo kutoka jikoni mgongo ukinilalamikia. Nikipima tena, njano, kijani kwa mbali sana. Kesho yake nikirudi kutoka kazini, kijani kilekile. Mama yuko kwenye kiti chake pembeni ya tangi, ananitazama, hasemi kitu. Na huyo mwingine, kinyozi anayefungua duka jua likiwa limeshapanda na kurudi tumeshalala, asubuhi nikitoka namsikia bafuni anapiga mluzi. Ule mluzi ulinikera kuliko kijani.

Jumamosi moja sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeketi na Mama, chupa yangu ya amonia mfukoni, najiandaa kupima, mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu akaingia na mfuko wa plastiki uliojaa maji, ameubeba kwa mikono miwili. Ndani yake samaki walikuwa wanaogelea.

Nikasimama mbele ya tangi. "Mama," nikasema, "mwambie mwanao akithubutu kuwamimina hao humu, leo tutaonana wabaya."

"Dada yako anasema ukithubutu kuwamimina humo, leo mtaonana wabaya," Mama akasema, macho yake dirishani.

"Mama, mwambie dada safari hii nimejifunza," mdogo wangu akasema. "Kila asubuhi napima. Nikikuta njano natia amonia, nikikuta kijani naacha, na hazipiti siku mbili inarudi njano. Tangi linakula vizuri kabisa."

Akaweka mfuko kwenye beseni, akafungua begi lake, akatoa katikati ya mashine za kunyolea chupa ya amonia kama yangu. Imebaki kidogo chini.

Nikaelewa, na kuelewa hakukunipoza hata kidogo. Asubuhi alikuta njano yangu, akadhani bakteria wamekula, akatia. Jioni nilikuta kijani chake, nikadhani bakteria wamegoma, nikamwaga. Wenyewe bakteria hatukuwapa hata nafasi ya kuanza.

"Mama, mwambie mwanao huyo bakteria anayemsifu ni mimi na ndoo zangu." Halafu hasira ikanigeuza kwa Mama mwenyewe. "Na wewe Mama unashinda hapa kutwa. Hukumwona akitia?"

"Nilimwona."

"Na mimi nikimwaga?"

"Nilikuona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hamkunituma," Mama akasema.

Akatoa macho dirishani, akatugeukia.

"Mwanzoni nilifikiri ndivyo inavyofanywa, mmoja anatia, mwingine anamwaga. Baadaye nikaona unavyokitukana kichupa, nikajua kuna kitu hakiko sawa. Lakini nani aliniuliza? Humu ndani hakuna anayeongea na mimi. Mnaongea kupitia mimi. Huyu akiingia, Mama mwambie. Yule akiingia, Mama mwambie. Ni lini mmoja wenu aliniuliza nimeamkaje? Angalau samaki nilikuwa nawaamkia. Tarishi anapeleka alichopewa, na nyie hamkunipa kitu isipokuwa gesi na funguo."

"Mama, sisi tulikuwa tunataka..." mdogo wangu akaanza.

"Nyamaza."

Akashika ukingo wa meza. Meza ikatikisika, maji ya tangi yakacheza, na Mama akainuka kitini. Sote tukanyoosha mikono.

"Msiniguse."

Akasimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka ndani ya gauni, uso umekunjamana kwa maumivu na hasira, sijui kipi kilizidi. Akampokonya mdogo wangu chupa, akaitia mfukoni, kisha akanyoosha kiganja kwangu mpaka nikampa ya kwangu.

"Hao wapelekwe dukani sasa hivi, kabla nao hamjawaua. Amonia kuanzia leo nitatia mimi, nitasimama mwenyewe na kutia. Kiasi gani, mtakubaliana nyie wawili, mdomo kwa mdomo. Na sikai mpaka niwasikie."

Nilimwangalia mdogo wangu. Nilikuwa bado natamani kumkaba. Mkono wa Mama ulianza kuteleza kwenye ukingo wa meza, akaushika tena kwa nguvu, akatusubiri.

"Unatia kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kifuniko kizima."

"Kizima?"

"Kizima, dada."

"Mjinga wewe."

"Najua," akasema. "Na wewe unamwaga ndoo ngapi?"

Nikamjibu. Mama akashusha pumzi, akakaa polepole, mwenyewe.